Boti ya Ng'ombe Kumi

Simu zenu nimezipata, na matusi yenu pia. Mama mmoja wa Ndosho alinipigia Jumatano kuniuliza mimi ni mtu wa aina gani, ninamwacha mzee wa watu ndani ya boti inayosukumwa majini, halafu ninafunga kalamu na kwenda kula.

Haya mama, tulia. Tumerudi.

Tuliwaacha pale Himbi, kwenye uwanja wa mawe ya lava unaoteremka mpaka ziwani. Muzee Habineza, mfugaji wa Masisi, alikuwa amekaa katikati ya boti na kofia yake na fimbo yake, ametulia kama mwenye mji. Vijana wanne walikuwa wanaisukuma. Julie Munguakonkwa, mpimaji wa bei za boti, alikuwa amechuchumaa nyuma, na ghafla aliruka na kupiga kelele: "Musimame! Hii kano haina..."

Haina nini? Wengine mliniandikia kwamba haina injini. Kijana mmoja wa Kiwanja alisema haina Mungu.

"Haina kizibo!" Julie akamaliza.

Boti ya aina hii, tunayoiita kano, ina tundu dogo nyuma, chini kabisa. Ikiwa nchi kavu, tundu linafunguliwa ili maji ya mvua yatoke. Ikiingia ziwani bila kizibo, maji yanapanda polepole bila kelele, na aliyekaa kwenye kiti kizuri anapata habari viatu vyake vikianza kuelea.

"Muvute! Muvute nyuma!"

Vijana wakavuta. Muzee Habineza akainua mguu mmoja, akatazama soksi yake, akainua na wa pili.

"Mwana wanjye," akamwambia Julie kwa upole uliotisha kuliko kelele, "hii kano iko nakunywa maji, ao ni mimi niko naota?"

"Iko nakunywa, papa. Ushuke kwanza."

Alishuka. Watu sitini waliokaa kwenye viti vya plastiki wakajifanya wanatazama upande wa Rwanda.

Julie akamgeukia mwenye boti. "Aubin, kizibo iko wapi?"

"Sijue," akajibu Aubin Bagalwa, mikono mfukoni. "Pengine ilianguka mu njia."

Kizibo cha shaba kinafungwa kwa kuzungushwa mara nane. Hakianguki njiani. Julie alilijua hilo vizuri, lakini siku hiyo alikuwa na sababu ya kutomtazama Aubin usoni kwa muda mrefu. Akafungua mfuko wake, akatoa vizibo vilivyotungwa kwenye kamba kama rozari, akachagua kimoja, akakifunga.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, na karibu sana, jambo lenyewe ni hili.

Aubin anamposa Nishimwe, binti wa muzee Habineza. Mahari ni ng'ombe kumi. Lakini kuteremsha ng'ombe kumi kutoka Masisi siku hizi ni kazi ya kuandika wosia kwanza, na benki za Goma mnajua wenyewe zilivyo. Aubin anayo mali moja tu: boti ya kuwavuta kwa kamba watu wanaoteleza juu ya maji, aliyoachiwa pamoja na karatasi zake na mnunuzi wa kahawa aliyemtumikia miaka kumi na miwili. Tena si boti ya hivi hivi. Inaitwa Cormoran, toleo maalum la kuadhimisha miaka kumi ya kiwanda chake. Zilitengenezwa arobaini tu duniani.

Muzee Habineza alifikiri siku tatu, akakubali. Ikifika thamani ya ng'ombe kumi, ataichukua na kuiuza mwenyewe. Isipofika, maneno yataisha. Hakuna atakayekasirika, maana mali kupungua si tusi. Sharti lake likawa moja: aitwe mpimaji.

Na aliyemtaja Julie ni Aubin mwenyewe.

Julie! Yule yule ambaye Aubin alimwomba wafunge ndoa miaka miwili mfululizo, kila Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili akajibiwa "ngoja kwanza". Ngoja nimalize kazi ya Bukavu. Ngoja dada yangu aolewe. Aubin alingoja. Aliyechoka ni mama yake, Mama Wivine, akaenda mwenyewe kwa Habineza kutafuta mkwe ambaye hana ngoja.

Sasa Mama Wivine alikuwa amekaa mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani.

"Julie, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "upime kano. Usipime mambo ya zamani."

Watu wakacheka. Julie naye akacheka, kicheko cha meno tu. Moyoni aliumia. Kuitwa apime mahari ya mwanamke mwingine, tena aitwe na Aubin! Usiku mzima alijiuliza amemkosea nini huyo mwanaume mpaka amlipize hivyo, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: alimkosea miaka miwili.

"Tuanze," akasema.

Boti ilikuwa imepandishwa juu ya mawe, nyekundu, nyekundu ile ya teksi mpya. Ubavuni lilikuwa limeandikwa jina kwa herufi nyeupe kubwa: NISHIMWE.

"Nani alipakaa hii rangi?"

"Mimi," akasema Aubin. "Nilitaka ipendeze."

Vijana wakapiga makofi. Mapenzi hayo! Julie alifumba macho kidogo. Toleo maalum linauzwa kwa rangi yake ya kiwandani, viti vyake, bamba lake la namba. Ukilipaka rangi ya gari, umemvalisha bwana harusi sare ya mlinzi. Hili kosa alishaliona mara nyingi hapa Goma, watu wanaosafisha mali kwa ajili ya mahari mpaka mali inaisha.

Muzee Habineza hakungoja. Alikuwa na namna yake ya kupima mali, na haikumwangusha miaka hamsini. Akaizunguka boti yote. Akaipiga ubavuni kwa kiganja. Akainama, akafunua kifuniko cha injini na kutazama ndani kama mtu anayetazama meno.

"Ilipita kwa mikono ngapi?"

"Mbili, papa," akajibu Julie.

"Bien. Ngombe yenye kupita kwa mikono mingi iko na tabia. Inakula nini?"

"Essence. Ikikimbia sana, litre makumi mbili na tano saa moya."

"Yoo!" Muzee akashika kofia yake. "Na maziwa?"

"Maziwa haina, papa."

"Inabeba nini?"

"Batu tano. Na moya nyuma, kwa kamba, juu ya maji."

Muzee akafikiria huyo mtu wa kamba. "Huyo alifanya kosa gani?" akauliza, na safari hii hata Mama Wivine alicheka.

Wakati soda zinagawiwa, mkono ukamshika Julie nyuma ya boti. Alikuwa Nishimwe mwenyewe, mchumba mpya, sinia mkononi, uso wake mzuri umekunjamana.

"Yaya Julie," akanong'ona kama mdogo kwa dada yake, "nakuomba kitu moya. Sema ni ya ngombe tatu."

Julie akadhani hakusikia. "Unasema nini?"

"Tatu. Hata nne. Nabakiza mwaka moya ya masomo nikuwe muganga wa hospitali. Papa anasema nitamaliza kwa bwana, lakini kwa bwana nani anamaliza? Aubin ni mutu muzuri, sina mubaya naye. Lakini si mi nilimuchagula." Akatazama huku na huku. "Ikikosa kumi, papa ataikataa, na hakuna mutu atapata haya. Utaniokoa."

Akaondoka na sinia yake, anatabasamu kwa wageni.

Jamani, mmeona jambo hilo? Julie alibaki nyuma ya boti. Tangu asubuhi alikuwa anapigana na shetani mdogo aliyemwambia sema ng'ombe tatu, nani atajua? Sasa shetani huyo amepata wakili, tena wakili ni bibi harusi!

Na nani angejua kweli? Rangi ya teksi. Bamba la namba, plaque yenyewe, halipo, mahali pake pana matundu mawili ya parafujo. Remorque, tela la kuibebea, nalo limeuzwa. Angesema "ng'ombe tatu" na ziwa zima lingeamini, kwa sababu aliyesema ni Julie. Mwaka jana mjomba wake wa tumbo moja na mama alimwomba aipandishe bei boti iliyooza mbao za ndani, kidogo tu, kwa ajili ya familia. Alikataa. Mjomba hamsalimu mpaka leo. Ndiyo maana kuanzia Gisenyi mpaka Idjwi watu hawauziani boti bila kumwuliza.

Akachukua bisibisi, akaanza kugonga chini ya boti kwa mpini wake, hatua kwa hatua, sikio karibu. Mbao zilizonyonya maji zinalia kama sufuria yenye uji. Hizi zililia kavu, tangu mbele mpaka nyuma.

Akasoma saa ya injini, ile inayohesabu muda iliofanya kazi. Saa mia nne na kumi tu. Boti bado msichana.

Akafika nyuma, chini ya ngazi ya kupandia, akakwaruza ile rangi nyekundu kwa ukucha. Ikabanduka. Akaivuta, ikatoka ndefu kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake ikaonekana buluu nzito yenye chembe za fedha, safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Aliyepaka hakupiga msasa kwanza. Alipaka juu ya nta, na rangi haikushika.

Hapo Julie alisahau kila kitu. Mwanamke anayeipenda kazi yake ni mtu wa hatari. Alisahau Mama Wivine, akamsahau Nishimwe, akasahau hata kwamba moyo wake ulikuwa umevunjika tangu Pasaka, aliposikia habari za posa hii. Akafungua kiti cha dereva, akaingiza mkono mpaka bega, akapapasa kwenye chuma cha chini, mahali ambapo kiwanda kinagonga namba kwa siri ili bamba likipotea, boti isipotee. Vidole vyake vikaisoma kabla ya macho: kumi na saba, juu ya arobaini.

"Iko!" akapiga kelele. "Ni yenyewe! Numéro kumi na saba!"

Watu wakasimama. Muzee Habineza akaja kwa fimbo yake.

"Fasiria muzuri, mwana wanjye."

"Papa, kano ya kawaida ya huu muaka ni ngombe sita. Hii ni édition spéciale, ni kama ngombe ya ukoo inajulikana."

"Ngombe ya mwami," akasema muzee, kama mtu anayemtaja mfalme.

"Njo vile. Hapa Goma batu wanataka kano ya kubeba mifuko, hawanunui numéro. Lakini kule ng'ambo bako benye hoteli wanaotafuta kano za ski, na ya numéro wanalipa ya ngombe kumi na mbili. Toa moya ya kubandua hii rangi. Toa ingine moya juu haina remorque na plaque." Julie akavuta pumzi, jasho linang'aa, mkono mweusi kwa mafuta. "Inabakia kumi. Haizidi, haipunguki."

Mama Wivine akapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka juu ya ukuta. Ngoma ikaanza. Sinia ya Nishimwe ikaanguka juu ya mawe ya lava, na mnajua chupa ikikutana na lava nani anashinda.

Ndipo Julie akakumbuka aliko.

Alimtafuta Aubin kwa macho, amwone anafurahi, aumie moyo mara moja na aende nyumbani. Lakini Aubin hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa amekalia jiwe, uso umepauka, anamtazama kama mtu aliyesukumwa majini na rafiki.

Julie akamsogelea. "Félicitations," akampongeza.

"Umefanya nini, Julie?"

"Nimesema kweli. Kano yako ni nzuri."

"Najua ni nzuri!" Aubin akainuka, akiongea chini chini, maana mama yake alikuwa anacheza hatua kumi kutoka hapo. "Kizibo niliondoa mimi. Remorque niliuzisha mimi. Plaque iko chini ya kitanda yangu. Ile rangi nilipakaa siku tatu na hii mikono. Miaka kumi na mbili niko fundi ya kano, uliona wapi fundi anapakaa rangi ya taxi juu ya édition spéciale?"

Julie akaitazama ile mikono, rangi nyekundu bado iko chini ya kucha.

"Mama alishatoa neno kwa muzee," Aubin akaendelea. "Niseme hapana? Nimupatishe mama haya mbele ya batu? Lakini mali ikipunguka, inaisha na amani. Ilibakia tu mupimaji wa kusema ni bure. Njo nilikuita weye."

"Mimi, juu ya nini?"

"Juu hapa Goma yote, ni weye tu ningesema utatamani ikuwe bure."

Maskini Julie! Alikuja akidhani ameitwa kuadhibiwa, kumbe aliitwa kuokoa. Kila kasoro aliyoipangua kwa ustadi wake ilikuwa mlango aliofunguliwa, naye kwa mikono yake mwenyewe aliufunga mmoja baada ya mwingine, tena kwa makofi.

"Kwa nini haukuniambia?" akauliza, machozi yako karibu.

"Nikuambie?" Aubin akacheka bila kutaka. "Miaka mbili nilikuambia. Uliniambia ngoja."

Neno hilo lilikuwa kweli, likamwingia Julie mahali pake. Alitaka kumwambia kwamba alimngojesha kwa sababu aliogopa, kwamba mtu anayejua kasoro za vitu vyote anaogopa siku atakayopimwa yeye. Lakini ngoma ilinyamaza, na sauti ya muzee Habineza ikaita.

"Madame expert! Kuya utie signature."

Meza ilikuwa imewekwa kitambaa cheupe. Juu yake karatasi, maandishi tayari: kano moja, ng'ombe kumi, mbele ya mashahidi. Muzee mwenyewe akamwandalia kalamu, ameifungua kifuniko kwa heshima.

"Tia hapa chini. Siku ya samedi, wiki mbili kutoka leo, tunafunga ndoa. Nakushukuru, mwana wanjye. Batu benye kusema kweli wamebakia wachache."

Julie akaishika kalamu. Angeweza kusema alikosea hesabu. Angeweza kusema namba ile ni ya uongo. Muzee angeamini, na mjomba wake angecheka mpaka Krismasi. Akamtazama Nishimwe anayeokota vioo, akamtazama Aubin, halafu akaitazama ile boti nyekundu yenye kidonda cha buluu nyuma.

Hapana. Bei ni bei.

Akatia sahihi, kubwa, wazi. Mama Wivine akavuta pumzi kujiandaa kwa vigelegele vya pili.

"Papa," akasema Julie, kalamu bado mkononi, "mupimaji anapaswa kusema kasoro yote. Kuko moya sijasema."

Muzee akakunja uso. "Kano iko na kasoro?"

"Kano haina, papa. Iko kwa mwenye kano."

"Kasoro gani?"

Sauti ya Julie ilitoka kavu, safi, ile ile ya kutaja bei.

"Ni mimi. Ananipenda, nami namupenda. Nilimungojesha miaka mbili na sitamungojesha tena hata siku moya."

Mama Wivine akabaki mdomo wazi, vigelegele vimemkauka kooni. Muzee Habineza akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Vijana wa ngoma wakatazamana, na Aubin akapiga hatua moja mbele.

Kabla hajafungua kinywa, vigelegele vikalia nyuma ya boti, vikali, virefu, vya mtu mmoja peke yake asiyeweza tena kujizuia.

Muzee Habineza akageuka polepole kuona ni mwanamke gani huyo asiye na adabu.

Alikuwa binti yake.